Kitabu cha Dabare

Halkano Ado aliuza mtamba akanunua kitabu. Habari hiyo ilipofika mjini, soko zima la mifugo la Isiolo lilicheka, na mimi nilicheka nao. Tulikuwa vijana. Yeye alikuwa mpokeaji wa redio-koli katika ofisi moja ya serikali. Chifu wa Merti akitaka kusema kuna kipindupindu, au mtu wa Sericho akitaka dizeli ya pampu ya kisima, maneno yake yalipita kwa Halkano kwanza. Mimi nilikuwa bawabu wa boma la misheni lenye redio kama hiyo. Shule sikuingia. Kusoma nilijifundisha kwa magazeti yaliyofungiwa sukari, na Kiingereza kwa maandishi ya magunia ya chakula cha msaada. Mtu aliyesoma kwa njia hiyo hacheki kitabu kwa muda mrefu.

Kitabu kilikuwa kinene, cha Kiingereza, kimejaa michoro na majedwali. Kilihusu redio za ridhaa, yaani redio za watu wanaoongea hewani kwa kupenda tu, bila mshahara, kila mmoja na leseni yake na herufi zake za kuitwa. Halkano alikiona Nairobi alipopelekwa kozi. Ndani yake mlikuwa na mambo yote ambayo hapa kwetu hapakuwa na mtu wa kumwuliza: urefu wa waya wa antena, jinsi ya kuzungusha koili, transista ipi inaweza kushika nafasi ya nyingine. Mhandisi wa serikali alipokuja alikuwa na haraka ya kurudi kabla jua halijazama. Na bei ya kitabu ilikuwa bei ya mtamba.

Baba yake, mzee Ado, hakucheka. Alikipima kwa mkono, akakifungua, akakinusa.

"Hii ndiyo mtamba?"

"Ndiyo, Aba."

"Inatoa maziwa?"

"Inatoa, kwa mtu anajua kukama."

"Basi ifuge kama mtamba. Usilale nayo ndani kama fisi na mfupa. Asiye na kitu akija, mpe dabare."

Dabare ni desturi ya Waborana. Mwenye mifugo humkopesha asiye nayo ng'ombe wa maziwa. Mkopaji hunywa maziwa, watoto wake wakapata afya, na ng'ombe akizaa, ndama ni wa mwenye mifugo. Mzee Ado alikuwa na sheria yake juu ya hiyo, ambayo sijui kama Waborana wote waliishika. Alisema mwenye ng'ombe haendi kumwulizia. Ukimwulizia ng'ombe, umemwambia mwenzako kwamba unamwona mwizi, au kwamba shida yake imekuchosha. Mkopaji mwenyewe ndiye atakayemrudisha, akiwa na ndama nyuma yake.

Halkano aliichukua sheria hiyo jinsi ilivyo akaivisha kitabu. Alikopesha kila aliyekuja na shauku ya redio, Mborana, Mmeru, Msomali, hata mimi Mturukana, wakati ambapo huko malishoni watu wetu na watu wake walikuwa wanauana kwa sababu ya ngamia. Na ndama alimdai. Aliyesoma kitabu alipaswa kuandika pembeni mwa ukurasa jambo moja alilolijaribu kwa mkono wake likafaa. Si jambo la kusikia.

Ndivyo kitabu kilivyonenepa. Maandishi ya chapa yalisema nunua waya fulani wa kampuni fulani ya ng'ambo. Pembeni, kwa kalamu, Racho, rafiki yake wa Sericho, aliandika kwamba waya wa zamani wa nguzo za simu unafaa vilevile, na una kutu ya kutosha kuwachukiza wezi. Mtu wa Biliqo aliandika kwamba mlingoti ukipakwa oili chafu mchwa hawaugusi. Kaimenyi, fundi Mmeru, alijaza kurasa nzima kwa mwandiko kama wa sisimizi, akieleza vipuri vya kuokota kwenye vyombo vibovu. Mimi niliandika kwamba maungio ya waya yakifunikwa nta ya nyuki mvua haiingii. Sikuwa na redio wala leseni. Niliyajaribu kwenye redio ya misheni, na padri hakujua.

Kisha simu za mkononi zikaja. Redio-koli zikang'olewa moja baada ya nyingine zikatupwa stoo, na watu waliozijua wakastaafishwa kama punda waliozeeka. Vijana wakaanza kusema kwamba kila kitu kiko kwenye simu. Wazee nao, kwa kuogopa kuonekana washamba, wakaitikia. Halkano hakuitikia. Alifanya mtihani, akapata leseni ya ridhaa, akaokoa redio moja iliyotupwa, akaitengeneza upya nyumbani kwake Kambi Garba. Racho alifanya vivyo hivyo kule Sericho. Kila siku baada ya swala ya alasiri waliitana. Hawakuongea kwa sauti. Walitumia alama za Morse, nukta na mistari, kwa sababu zinapita hata betri ikiwa hoi, na kwa sababu, kama Halkano alivyopenda kusema, mtu anayelazimika kugonga kila herufi hana nafasi ya kusengenya. Huo ulikuwa uongo. Walisengenya wilaya nzima.

Nilikuwa nikikaa mlangoni kumsikiliza akicheka peke yake.

"Anasema nini?"

"Anasema nimuulize yule Mturukana jirani yangu kama bado anakula punda."

"Mwambie namngojea yeye anenepe."

Halkano aligonga. Baada ya muda akacheka tena mpaka kofia ikamwanguka.

Mwaka juzi Racho alipigwa na kiharusi. Kilichukua mdomo wake na mkono wa kulia. Macho yalibaki na ukungu, hawezi kusoma kioo cha simu. Mkewe, Bisharo, ndiye aliyehamisha kibonyezo cha Morse kutoka upande wa kulia wa meza kwenda kushoto. Racho alijifundisha upya kwa mkono ule mwingine, polepole, kama mtoto. Watu wa nyumbani walimlisha na kumwosha, lakini hakuna aliyejua anataka nini mpaka alasiri. Hapo alimgongea Halkano, Halkano akampigia Bisharo simu: mume wako anasema mto uko chini sana, anasema yule mbuzi mwekundu msimwuze, anasema chai ina sukari nyingi. Kwa hiyo mdomo wa Racho ulikuwa Sericho na ulimi wake Isiolo.

Sasa nafika mahali pagumu.

Kundi la ngamia lilikuwa linapelekwa sokoni. Mmoja, mwenye mzigo mrefu, alipita karibu mno na ua wa Halkano, mzigo ukanasa kwenye waya wa antena. Ngamia akashtuka, akakimbia na waya, mlingoti ukalala. Halkano alikuwa katikati ya sentensi, kidole kwenye kibonyezo. Nguvu zilizokosa waya wa kutokea zikarudi ndani ya redio, transista ya kupelekea ikaungua, na harufu yake ilikaa nyumbani siku nzima. Tulirudisha mlingoti, tukaunga waya. Upande wa kupokea ulikuwa mzima. Upande wa kupeleka ulikuwa maiti.

Maana yake ni hii: Halkano aliweza kumsikia Racho, lakini hakuweza kumjibu.

Alasiri iliyofuata tuliketi, na sauti ikaja, nyembamba, ya mkono wa kushoto. Halkano, Halkano, hapa Racho, uko? Kimya cha kungoja jibu. Halkano, Halkano, hapa Racho. Halkano alivua vipokea sauti akampigia Bisharo.

"Shemeji, salaam aleikum. Mwambie redio yangu imeharibika. Namsikia vizuri. Kujibu ndiyo siwezi."

Bisharo alimwambia. Tulisikia kwenye simu akipaza sauti karibu na sikio la mgonjwa. Kisha akarudi. "Shemeji, ananitazama tu. Weka sauti yako aisikie." Halkano akaongea, lakini tangu ugonjwa Racho hakuamini tena sauti za simu, ambamo kila mtu alimwambia utapona. Aliamini kibonyezo peke yake. Basi Halkano akachukua kijiko na kikombe cha bati, akagonga Morse kwenye simu. Mtandao wa kule ulikatakata. Nukta zilimezwa, mistari ikawa nukta.

"Wacha, shemeji," Bisharo akasema. "Anafikiri nagonga sufuria."

Binti yake Halkano, Umulkheir, ana duka la kutoa nakala na kupiga chapa karibu na stendi. Si mvivu, na sitasema ni mvivu. Alitafuta kwenye mtandao, akapata mchoro wa redio ileile, bure, akauchapa kwa wino wake mwenyewe akauleta.

"Aba, ona. Iko yote. Hata hukuhitaji kuuza ng'ombe."

Halkano alivaa miwani. Mchoro ulikuwa sahihi, na transista imeandikwa jina. Tatizo ni kwamba transista hiyo haitengenezwi tena. Umulkheir alimpata mtu wa ng'ambo anayeiuza, akaagiza. Ilikuja baada ya majuma mengi, imeandikwa jina lile lile, na ndani ilikuwa kitu kingine. Iliungua kabla Halkano hajamaliza kugonga herufi ya kwanza. Binti akatafuta tena kwenye mtandao. Watu wa Marekani na Japani walimjibu kwa upole mwingi wakamshauri anunue redio mpya.

"Kaimenyi alishafanya hii," Halkano akasema. "Redio yake iliungua hivihivi. Alitoa transista kwa inveta mbovu ya sola, akabadilisha koili. Ikafanya kazi miaka. Aliandika yote, pembeni."

Kaimenyi alikuwa amezikwa kwao Nkubu. Maandishi yake yalikuwa ndani ya kitabu. Kitabu kilikuwa Rapsu.

Kilikuwa kwa Abdikarim, mkulima anayelima vitunguu kwa maji ya mfereji, mtu wa makamo mwenye sauti ya chini. Alikikopa ili ajitayarishe kwa mtihani wa leseni. Mvua ndefu na mvua fupi zilikuja zikaenda, zikaja tena, na hakuonekana. Kinna si mbali, na Rapsu iko pua na mdomo na Kinna. Pikipiki ya asubuhi ingeweza kukileta kabla ya chakula cha mchana.

"Mpigie," nikasema.

"Ng'ombe ya dabare haiulizwi."

"Halkano, hiyo si ng'ombe. Ni karatasi."

"Miaka yote umekunywa maziwa yake, leo imekuwa karatasi?"

"Amekula. Nakwambia amekula. Hawa watu wa sasa ukimpa ng'ombe anachinja, anakuuzia nyama. Amefungia watu njugu na hicho kitabu chako."

"Kama amekula, nikiuliza nitamfanya aseme uongo. Kama hajakula, nitamfanya aone aibu. Niambie wewe, hapo nitapata nini?"

"Utapata kitabu!"

"Rudi kwako ulale, Mturukana. Kichwa yako imepata jua."

Nilirudi kwangu nikiwa na hasira, na hasira yangu yote ilikuwa kwa Abdikarim. Kila mtu aliyepita nilimweleza jinsi desturi zilivyokufa. Nilisema zamani mtu angetembea kwa mguu kutoka Garba Tulla kurudisha sindano. Nilisema vijana wamejaa mdomo na mkono mtupu. Nilikuwa na maneno mengi mazuri na niliyatumia.

Wakati huo Halkano, ambaye mgongo wake haukustahimili tena safari ya lori ya siku nzima hadi Sericho, kila alasiri alivaa vipokea sauti akasikiliza akiitwa. Nilimwambia asiwashe redio. Akaniuliza kama mimi ningefunga mlango mtu akibisha. Alikaa hapo, mikono juu ya magoti, midomo yake ikifuata herufi. Halkano, hapa Racho. Halkano, nimekosa nini? Halkano, jana mvua ilinyesha kidogo. Halkano, uko?

Siku moja Bisharo alipiga simu yeye. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeongea akiwa amegeuka ukutani.

"Shemeji, usinikasirikie."

"Nikukasirikie kwa nini?"

"Racho amesema umekufa. Amenionyesha kwa mkono, kaburi, na jina yako. Anasema tunamficha. Nimeapa. Nimeapa kwa Mungu, shemeji. Akakataa chakula. Amenituma nichinje mbuzi, watu wakusomee dua."

"Ukafanya nini?"

"Nimechinja."

Halkano akauliza, "Mbuzi gani?"

"Yule mwekundu."

"Yule alisema msimwuze."

"Huyo huyo. Alimchagua mwenyewe. Na shekhe amesoma vizuri, shemeji, watu walilia."

"Allah awalipe," Halkano akasema, na akaiweka simu juu ya meza kama mtu anayeweka yai.

Kuanzia siku ile Racho hakuita tena jina la Halkano. Aliwasha redio yake saa ileile, lakini aliita tu mtu yeyote anayesikia. Kuna mtu? Kuna mtu hapo? Hiyo ndiyo iliyomvunja rafiki yangu. Kuitwa bila kujibu alikuwa amevumilia. Kutoitwa hakuweza.

Umulkheir alimwona baba yake akiwa ameketi mbele ya redio iliyozimwa, vipokea sauti bado masikioni. Hakumwuliza wala hakuniuliza. Alitoka nje akampigia Abdikarim. Baadaye nilimwambia amevunja sheria ya babu yake. Akanijibu, "Mzee, babu alisema mwenye ng'ombe asiulize. Mimi si mwenye ng'ombe. Mimi ni mtoto anasikia njaa."

Abdikarim alifika kesho yake kwa pikipiki, mwekundu kwa vumbi kutoka kichwani hadi viatuni. Kitabu alikuwa amekifunga kwa shuka safi, juu ya shuka amekizungushia nailoni. Niliketi mlangoni kwa makusudi. Nilikuwa nimetayarisha la kumwambia.

"Salaam aleikum."

"Aleikum salaam," Halkano akamjibu. "Karibu. Njia ilikuwaje?"

"Njia nzuri, mzee." Hakukaa. Alikiweka kitabu miguuni pa Halkano, akabaki ameinama. "Mzee, nisamehe. Sikukula ng'ombe yako."

"Najua hukukula."

"Nilishindwa kuirudisha. Sina ndama."

Halkano alimtazama.

"Nimejaribu," Abdikarim akasema. "Mtihani nilianguka. Nikatengeneza redio, ikakataa. Nikatengeneza antena, mafuriko ya mto yakachukua. Kila kitu nilijaribu ilikuwa imeandikwa tayari na mwingine, ama haikufaa. Nikasema nitaandika nini? Nitarudisha vipi ng'ombe ya mtu tasa, na kila mtu kabla yangu amerudisha na ndama? Nikasema ngoja msimu huu. Nikasema ngoja ule mwingine. Nilikuwa naifungua kila Ijumaa, nafuta vumbi, nafunga."

Maneno niliyotayarisha yalikaa mdomoni yakawa machungu kama muarobaini. Huyu mtu hakuwa ameiacha desturi. Alikuwa ameishika kwa mikono miwili. Halkano naye aliishika kwa mikono miwili upande wa pili, na kati yao desturi ikawa kamba, ikamkaba Racho shingo. Miaka yote nimesema mambo yetu yalikufa kwa sababu hakuna wa kuyabeba. Siku ile sikuwa na mtu wa kumlaumu, na nilikuwa nimezoea sana kuwa naye.

Halkano akamwambia, "Kaa chini, Abdikarim. Umulkheir, lete chai." Kisha akafungua kitabu kwenye ukurasa wa Kaimenyi, bila kupapasa.

Waliifanya kazi wawili, kwa sababu mikono ya Halkano ilikuwa imeanza kutetemeka. Alisoma mwandiko wa sisimizi kwa sauti, na Abdikarim akachoma risasi ya kuungia nyaya. Inveta mbovu tuliipata kwa fundi wa sola mtaani. Waya wa koili ulitoka kwenye mota ya feni. Kila kitu kilipatikana Isiolo, kama marehemu alivyoandika. Redio ilipowashwa na Halkano akagonga mara ya kwanza, taa ndogo ya kupimia ikawaka. Umulkheir akapiga kofi. Sauti yenyewe, tuliyoisikia kwenye redio ya pembeni, haikuwa ile ya zamani. Kila nukta ilianza juu ikateleza chini, kama kifaranga aliyekanyagwa.

"Inateleza," Abdikarim akasema.

"Wacha iteleze. Inafika."

Alasiri ikaja. Kuna mtu? akagonga Racho. Kuna mtu hapo?

Halkano alijibu kwa herufi zake mwenyewe. Mkono wake, uliokaa bila kazi muda wote ule, ulikuwa mzito, na tetemeko lilitia nukta mahali pasipo na nukta. Kisha Racho akagonga, na Halkano akatutafsiria, neno baada ya neno.

"Anauliza mimi nani."

Akagonga jina lake.

"Anasema... Halkano tumemsomea dua."

"Mwambie ni wewe, Aba!" Umulkheir akasema.

"Nimemwambia."

"Mwambie kitu unajua wewe peke yako!"

Halkano aligonga kwa muda mrefu. Jasho lilimtoka. Aliniambia baadaye kwamba alimkumbusha siku walipolala jangwani na redio mbovu mgongoni, na jina la msichana ambaye wote wawili walimposa na wote wakakataliwa. Jibu likaja.

"Amesema nini?" nikauliza.

"Anasema Halkano alikuwa anaongea sana, bila shaka aliniambia hayo." Akasikiliza tena. "Anasema mkono wangu ni mzito. Halkano alikuwa na mkono mwepesi. Lakini nisife moyo, nitajifunza. Anauliza kama nilikuwa mwanafunzi wake."

Kidole cha Halkano kilikaa juu ya kibonyezo bila kukigusa. Racho aliuliza tena. Ulikuwa mwanafunzi wake?

Halkano akagonga, ndiyo.

Umulkheir alitoka nje akilia. Kabla ya magharibi Bisharo alipiga simu. Racho alikuwa amekula bakuli zima la uji, akaomba lingine kwa mkono. Alikuwa anacheka. "Shemeji, sijui mmeongea nini," akasema, "lakini usibadilishe."

Abdikarim hakurudi Rapsu mara moja. Ile sauti ya kuteleza ilimsumbua. Alijaribu hili na lile, akagundua kwamba sehemu inayozaa wimbi ikipewa betri yake peke yake, sauti inasimama wima kama ya zamani. Aliandika jambo hilo pembeni, chini ya mwandiko wa Kaimenyi, kwa herufi kubwa za mtu asiyezoea kuandika, na alipomaliza alipumua kama aliyetua gunia. Kisha akamwambia Halkano, "Mzee, niunganishe sasa. Atasikia sauti yako ya kweli."

"Ndama yako ni mzuri," Halkano akasema. "Lakini hiyo betri usiweke."

"Kwa nini?"

"Amenilia akamaliza. Mbuzi ameliwa. Sasa nifufuke, nimfanye mgonjwa alie mara ya pili? Na siku moja si nitakufa kweli?"

Kitabu kiko kwa Umulkheir siku hizi. Anapiga picha kila ukurasa, maandishi ya chapa na ya kalamu, awape watu bure kwa simu. Mimi ndiye ninayemshikia kurasa zisipeperuke. Sijasema kwamba ni vizuri. Nimeshika tu.

Na kila alasiri Halkano huketi na kibonyezo, mwanafunzi mwenye mvi, akasikiliza habari zake mwenyewe. Racho anamweleza kijana huyu jinsi Halkano alivyokuwa, alivyouza mtamba, alivyokuwa mkaidi, alivyomtafsiria maneno wakati hakuna mwingine aliyemsikia. Jana nilimkuta amemaliza, anajifuta uso kwa kilemba.

"Leo amesema nini?"

"Anauliza kaburi ya Halkano iko wapi. Anasema Bisharo akija mjini ataizuru."

"Ukamjibu nini?"

"Nimemwambia iko hapa hapa nyumbani, karibu na ua," Halkano akasema. "Nimemwambia asiwe na wasiwasi, naifagia mwenyewe."

Akachukua fimbo yake akaenda kutia udhu.